Likizo bila malipo imeongezwa mara ya tatu. Nitie sahihi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhudumu wa ndege, nina miaka 36, nimeolewa na nina mtoto mmoja yuko gredi ya kwanza. Nimeajiriwa na kampuni ndogo iliyo uwanja wa Wilson, na mwaka huu natimiza miaka 9 kazini. Sisi si wale wa kupeleka watalii Mara. Abiria wetu walikuwa watu wa mashirika ya misaada: leo Juba, kesho Mogadishu, kesho kutwa Wajir. Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, wateja wetu wakaanza kukatiza kandarasi mmoja baada ya mwingine. Rosta iliyokuwa imejaa ikabaki na mapengo, halafu ndege mbili zikaegeshwa kabisa.

Watu wakikuona na sare na kibegi cha magurudumu wanadhani una pesa. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 62,000. Kilichokuwa kikinifikisha zaidi ya laki moja ni posho ya saa za angani na posho ya kulala nje. Ndege zilipopungua, posho zilikuwa za kwanza kupotea, kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kuumia kabla hata ya barua ya likizo kuja.

Barua yenyewe ilikuja hivi. Tuliitwa ofisini, tukaelezwa kwamba hali ni ngumu, kila mmoja akapewa karatasi ya kuomba likizo bila malipo ya miezi 3, "kwa hiari yake mwenyewe". Nani angekataa? Tulitia sahihi. Ilipokwisha ikaja ya pili, miezi mingine 3. Sasa imeletwa ya tatu, na hii haina hata tarehe: inasema ni "hadi hali itakapotengemaa". Tumetakiwa tuwe tumeirudisha Ijumaa ya wiki ijayo. Kwenye kundi letu la WhatsApp wengine wanasema asiyetia sahihi ndiye atakayeachishwa kwanza. Wengine wanasema kuna kandarasi mpya inakuja. Kila siku kuna habari yake.

Shangazi, ninachokosa usingizi kwa ajili yake ni mkopo wa sacco. Nilikopa 780,000 tukanunua ploti Joska. Kila mwezi nalipa 20,500 na deni lililobaki ni kama 590,000. Akiba yangu mle ndani imefika 302,000. Wadhamini wangu ni watano na wote ni wenzangu wa kazini, nao pia wako kwenye likizo hii hii. Mimi nami nimewadhamini wawili kati yao. Mwezi uliopita sikulipa. Mmoja wao amenipigia simu mara kadhaa, nami sijapokea.

Mume wangu ni mwalimu. Payslip yake imekatwakatwa na mikopo hadi haina nafasi tena. Ameshika kodi ya nyumba hapa Lang'ata na chakula, lakini karo ya mtoto imetushinda. Ushauri wake ni kwamba nijiuzulu, nichukue pensheni yangu, tufuge kuku 500 wa mayai pale Joska. Anasema kazi isiyolipa si kazi. Yaya nimemwomba aende kwao Mumias apumzike bila mshahara mpaka nitakapomwita, kwa sababu sasa niko nyumbani.

Mama yangu yuko Wundanyi. Nimezoea kumtumia 8,000 kila mwezi, na ninamlipia mdogo wangu karo ya chuo. Hawajui lolote. Ili niendelee kutuma nimekopa kwa simu, nikalipa kwa kukopa kwingine. Juzi mama alimwambia mchungaji wao kwamba niko Juba, nami nilikuwa nafua nguo kwenye roshani.

Rafiki yangu mmoja ananishawishi tujaribu mashirika ya Ghuba yakija kuajiri. Nifanye nini? Nitie sahihi, nijiuzulu, au niondoke nchini?

Aliyekwama, Lang'ata

* * *

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza maswali matatu, lakini kuna la nne linaloyatangulia yote: hizo ndege zitarudi? Lisipojibiwa hilo, mengine yote ni kubahatisha.

Mdororo wa usafiri wa anga hauji kwa sura moja. Kumbuka korona. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020. Safari za ndani zikarudi 15 Julai, za kimataifa 1 Agosti. Watu walichanganyikiwa, mishahara ikakatwa, lakini abiria walikuwepo. Walizuiwa tu, na mlango ulipofunguliwa wakarudi, ingawa polepole. Katika hali ya namna hiyo, mfanyakazi anayekubali kukaa nje miezi michache anajua anachokingoja.

Hali yenu ni tofauti. Mteja wenu hakuzuiwa kusafiri, amefunga mfuko. USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikoma rasmi tarehe 1 Julai 2025. Walioko Wilson miaka mingi wanaijua hadithi ya Lokichoggio. Operesheni ya kupeleka misaada Sudan ilipoanza mwaka 1989, kale kamji ka Turkana kaligeuka kituo kikubwa cha ndege, na marubani, wahudumu na mafundi wakapata riziki pale. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi hapa Nairobi Januari 2005, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Waliobaki Loki wakisubiri mambo yarudi kama zamani walisubiri sana. Sisemi Wilson itakuwa Loki. Wilson ina watalii, ina miraa, ina safari za Lamu na Lodwar. Nasema kampuni iliyotegemea mteja wa aina moja haiwezi kukwambia "hali itakapotengemaa" bila kukueleza hali gani, na itatengemazwa na nani.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, muulize meneja wa wafanyakazi swali moja: kuna kandarasi gani mkononi, na inaanza lini? Akikutajia mteja na mwezi, una kitu cha kupima. Akikujibu "tuombe Mungu", muombe, lakini ujue umeshajibiwa.

Sasa hiyo karatasi. Usiitie sahihi jinsi ilivyo. Usiitupe pia, wala usijiuzulu kwa hasira.

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachomruhusu mwajiri kukupeleka likizo bila malipo akitaka tu. Mshahara ni sharti la mkataba, na kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ashauriane nawe na akujulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Ndiyo maana karatasi zote tatu zimeandikwa "kwa hiari". Hilo neno limewekwa kwa ajili ya mwenye kampuni. Wewe linakuumiza, kwa sababu siku mambo yakifika mbali itasemekana ulijiombea mwenyewe.

Mwandikie meneja barua ya ukurasa usiozidi mmoja. Mwambie uko tayari kuisaidia kampuni, ila uwekewe tarehe ya mwisho, tuseme siku 60. Iandikwe kwamba utumishi wako unahesabika bila kukatika, na kwamba malipo yoyote ya baadaye yatapigwa kwa mshahara wako kamili wa msingi. Siku za likizo ya mwaka ambazo hujachukua (sheria inakupa zisizopungua 21 za kazi kila mwaka) zitumike kwanza, kwa malipo. Kampuni igharamie mafunzo yako ya kila mwaka ya dharura yasipitwe na wakati, maana mhudumu ambaye mafunzo yake yamekwisha muda hata kandarasi ikija kesho hapandi ndege. Uruhusiwe kufanya kazi kwingine kipindi hicho, kwa sababu mikataba mingi inakataza, na kosa dogo kama hilo ndilo hutafutwa pindi mtu anapotakiwa kuondoka bila kulipwa. La mwisho, siku hiyo ikifika na hakuna kazi, kampuni ikuachishe kwa kupunguza wafanyakazi kama sheria inavyotaka.

Hilo la mwisho ndilo lenye pesa, nalo ndilo mume wako hakulipigia hesabu. Kifungu cha 40 kinasema anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, alipwe siku zake za likizo, na juu yake apewe malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Wewe una miaka 9. Kwa msingi wa 62,000, nusu mwezi ni 31,000, mara 9 ni 279,000. Ongeza mwezi wa notisi, inapita 340,000 kabla ya kodi, bila kuhesabu siku za likizo. Ukijiuzulu leo, hizo za miaka 9 hazipo. Umemsamehe mwajiri deni ambalo hata hajakuomba umsamehe. Huenda ndiyo maana likizo hizi zinaongezwa badala ya watu kuachishwa: likizo haina gharama, na anayechoka akaondoka mwenyewe anaondoka bure. Siwezi kuona moyo wa mwenye kampuni, pengine anapambana kweli kuiokoa. Lakini nia yake njema hailipi sacco.

Hayo ya "asiyetia sahihi ataachishwa kwanza" yasikutishe kupita kiasi. Sheria hiyo hiyo inataja vigezo vya kuchagua wa kuachishwa: urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa mtu. Kukataa karatasi hakumo. Wewe una miaka 9, wapo waliokuja juzi. Afadhali barua hiyo mwandike watu kadhaa kwa pamoja badala ya kulumbana kwenye kundi la WhatsApp. Kama hamna chama cha wafanyakazi, Katiba kifungu cha 41 inawapa haki ya kujiunga nacho, na ofisi ya kazi inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja bila wakili. Madai ya ajira yana muda wa miaka 3, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia mahakamani Milimani wiki hii. Peleka barua yako kabla ya Ijumaa hiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hata wakikataa kila ulichoomba, nakala hiyo itaonyesha kwamba hukuomba kukaa nje bila mwisho.

Tuje kwa sacco. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Pokea simu ya huyo mwenzako leo, kabla hujalala. Mdhamini anayekupigia mara kadhaa hakupigii kukutukana. Anataka kujua kama akiba yake iko salama, na kila simu unayoiacha ilie anajijibu mwenyewe, vibaya. Hesabu zenyewe si za kutisha kama unavyozibeba kichwani. Deni ni 590,000, akiba yako ni 302,000. Mkopo ukishindikana, sacco kwa kawaida huanza na akiba ya mkopaji, kisha hugawia wadhamini kilichobaki. Kilichobaki ni 288,000, ukigawa kwa watano ni chini kidogo ya 58,000 kila mmoja. Kwa mtu asiye na mshahara hizo ni pesa nyingi, lakini sasa mna kiasi cha kuzungumzia badala ya hofu tupu.

Nenda sacco wiki hii na barua zako zote tatu za likizo. Usingoje wakuite. Waombe wakupangie upya mkopo: kipindi kirefushwe, au kwa miezi michache ulipe riba peke yake. Riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio, na malipo yako yanaelekea hivyo, ni 5,900 badala ya 20,500. Sacco inayohudumia watu wa viwanja vya ndege imeshaona vipindi kama hivi, na mkopo unaolipwa kidogo kidogo inaupenda kuliko uliokufa. Nenda na wenzako, kwa sababu mmedhaminiana kwa duara: mmoja akianguka anamvuta wa pili, wa pili anamvuta wa tatu aliyemdhamini wa kwanza. Sacco ikizungumza nanyi wote kwa siku moja inaiona picha nzima.

Sacco ikikataa kabisa, uza ploti. Najua imekuuma kusoma hivyo. Nairobi tunalelewa tukiambiwa ardhi haiuzwi, na wapo watakaokuita mjinga. Lakini ploti ile ilinunuliwa kwa akiba za watu watano walioweka majina yao kwa ajili yako, nao hawana mshahara kama wewe. Usiiuze kwa dalali wa haraka anayenusa shida. Itangaze sasa kwa bei ya kweli, hata kabla ya sacco kujibu, ili ukilazimika uwe na mnunuzi badala ya mwokozi.

Kuhusu kuku, nampa pole mwalimu wetu, amekusudia wema. Ila kuku wa mayai hula karibu miezi 5 kabla ya kutaga yai la kwanza. Kuku 500 wale chakula cha kununua miezi 5, katika nyumba ambayo karo ya gredi ya kwanza imeshinda? Na pensheni haitoki kama anavyodhani. Ukiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, si yote unayopewa mkononi, sehemu inabaki imefungwa, na NSSF nayo ina masharti yake ya umri. Wanaokumbuka kware wa mwaka 2014, watu walivyouza ng'ombe kununua ndege wa kutibu kila ugonjwa halafu mayai yakakosa wa kuyala, wanajua mtaji wa mwisho hauwekwi kwenye jambo lililosikika tu. Akitaka kuku, aanze na 20. Watamfundisha.

Wewe una mtaji mwingine ambao hujautaja. Kwa miaka 9 umefunzwa huduma ya kwanza, kuzima moto, kumtuliza mtu mwenye hofu, kusema na mgeni wa Mogadishu na wa Geneva kwa saa moja bila kukwaruzana na yeyote. Masika ya 2020 shirika la ndege la SAS la Skandinavia lilipopumzisha sehemu kubwa ya wafanyakazi wake, chuo cha Sophiahemmet kule Stockholm kiliwapa baadhi ya wahudumu wake wa ndege kozi fupi wakasaidie hospitalini, kwa sababu mengi walikuwa wanayajua tayari. (Thai Airways mwaka huo huo waliuza maandazi yao ya asubuhi na watu wakapanga foleni, kwa hiyo hata mahamri siyadharau.) Nairobi imejaa vyuo vinavyofundisha wasichana kuwa wahudumu wa ndege, na vingi vinatafuta mwalimu aliyewahi kufungua mlango wa ndege ya Dash 8 kwa mikono yake. Taasisi za mafunzo ya huduma ya kwanza zinazoidhinishwa na idara ya usalama kazini, DOSHS, huhitaji wasaidizi. Hospitali za binafsi zinahitaji watu wa mapokezi wasiofoka. Anza na vyuo. Saa chache kwa wiki zitakupa karo ya mtoto, nawe utabaki karibu na taaluma yako. Huku ukitafuta, mwone mwalimu mkuu wa shule umwombe ulipe karo kwa mwezi badala ya kwa muhula. Wengi hukubali kwa mzazi aliyekuja mwenyewe kabla ya mtoto kurudishwa nyumbani.

Ghuba? Siipingi. Wakija kuajiri nenda ukafanye usaili, usaili si tiketi. Shirika la kweli halikuombi pesa za kukuhoji, na wakala akijitokeza katikati hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lakini ukipata, kwa kawaida mtoto haendi nawe miaka ile ya mwanzo. Hilo mzungumze wewe na mumeo kabla ya usaili, msije mkaamua chini ya shinikizo la barua ya kazi. Kama ungekuwa na miaka 25 nisingeandika sentensi hii.

Afya usiisahau. Bima ya kampuni huenda ikakatika kimya kimya. Uliza. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, mchango wa mwajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara, unakatwa na mwajiri. Pasipo mshahara hakuna cha kukata, na wengi hugundua wakiwa kwenye dirisha la hospitali. Bahati yako mumeo anakatwa. Mchango wake unafunika mke na watoto, ila sharti muwe mmeandikishwa chini yake. Keti naye jioni moja muangalie kwenye simu kama jina lako na la mtoto yamo.

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili na pale kwa yaya nilisimama. Umemwambia aende Mumias apumzike bila mshahara mpaka utakapomwita. Hakuna tarehe. Hakuna malipo. Hawezi kutafuta kazi kwingine kwa kuhofia utapiga simu, wala hana cha kula akingoja. Sheria ile ile ya 2007 inayokulinda wewe inamlinda na yeye, anadai notisi na siku zake za likizo kama unavyozidai. Mpigie umwambie ukweli, kwamba huna uwezo wa kumrudisha sasa. Mpe kilicho chake, hata kwa awamu mbili, na umruhusu atafute nyumba nyingine. Ukimsifu kwa jirani anayehitaji mtu utakuwa umemfanyia zaidi ya kampuni yako ilivyokufanyia.

Mikopo ya simu ikome. Andika kila uliyekopa na kiasi, ulipe mmoja mmoja kuanzia wenye gharama kubwa, na usikope kwa huyu kumlipa yule. Wakianza kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yako kukuaibisha, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza. Hifadhi ujumbe na nambari, ulalamike.

Na hiyo mikopo ya simu uliichukua kwa nini? Uliichukua ili mama asijue. Unakufa na tai shingoni, mwanangu, na riba juu. Mama wa Wundanyi aliyekulea hadi ukapanda ndege hatavunjika akisikia ndege zimesimama. Ataumia akisikia kutoka kwa mtu wa sacco. Mpigie, au kama nauli ipo panda gari uende ukamwambie ana kwa ana, maana kwa simu atadhani umefukuzwa kwa kosa. Mwambie 8,000 haitakuja kwa sasa, na utakachopata utamtumia bila kuahidi kiasi. Mdogo wako ni mtu mzima wa chuo kikuu. Aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama hajaomba, na aende ofisi ya eneobunge na ya wadi kuulizia basari, fomu zikitoka awe wa kwanza kwenye foleni. Akifika mahali akashindwa akupigie mjadiliane, lakini safari hii mguu wa kwanza autoe yeye.

Mchungaji mwachie mama. Atajua atakavyomwambia.

Shangazi